Ilipojikwaa, Si Ilipoangukia: Habari Iliyookotwa Mikokoni

Katika kila kituo cha polisi, juu ya meza ya askari wa zamu, na katika kibanda cha mlinzi kwenye lango la kambi, pana kitabu kikubwa ambacho hakipambwi wala hakisifiwi. Ndani yake huandikwa saa, jina la mwenye zamu na jambo lililotukia, basi. Anayekabidhi lindo huandika, na anayelipokea husoma kabla hajashika nafasi yake. Kurasa zake hazichanwi. Neno lililokosewa hukatwa kwa mstari mmoja tu, ili lililoandikwa kwanza lizidi kusomeka. Thamani ya kitabu hicho haionekani usiku wa amani. Huonekana asubuhi ile ambayo ghala limekutwa wazi, mlinzi amelazwa hospitali hawezi kusema, na wakubwa wanauliza jambo hilo lilianzia wapi.

Wahenga walikwisha kulisema: usitazame ulipoangukia, tazama ulipojikwaa.

Kompyuta nazo huanguka. Mashine hizo zimeenea katika ofisi, benki, hospitali na hata mifukoni mwa watu zikiwa simu, nazo hufanya kazi kwa kufuata programu, yaani mfululizo mrefu wa amri zilizoandikwa na binadamu. Programu ikikutana na jambo ambalo mwandishi wake hakulitazamia, huweza kufa ghafla. Kioo huganda, kazi ya saa nzima hupotea, na mwenye mashine hubaki akiitazama asijue la kufanya. Kwa sababu hiyo mafundi wenye busara wameipa programu desturi ile ile ya lindo: kabla haijafa, habari za yaliyoipata ziandikwe katika faili na kuhifadhiwa, ili mtafutaji wa kasoro apate pa kuanzia.

Faili hiyo ni wosia wa mtambo. Faida ya kuuandika wosia huo, na hasara ya kuupeleka mahali pasipo pake, zote mbili zilidhihirika siku moja, tarehe 4 Juni 1996.

SEKUNDE AROBAINI

Kourou ni mji mdogo wa pwani katika Guyana ya Ufaransa, Amerika ya Kusini. Nchi za Ulaya zilichagua mahali hapo kuwa kituo cha kurushia roketi kwa kuwa ni karibu na ikweta, na mbele yake ni bahari tupu. Asubuhi ya siku hiyo, yapata saa 3:34 kwa saa za huko, roketi mpya iitwayo Ariane 5 iliondoka ardhini kwa mara ya kwanza. Ilikuwa imeundwa ili irithi kazi ya Ariane 4, roketi iliyokuwa imekwisha kujipatia sifa ya kuaminika. Haikuchukua mtu. Ilichukua satelaiti nne za kisayansi, ziitwazo Cluster, zilizokusudiwa kuchunguza jinsi upepo utokao kwenye jua unavyokutana na nguvu za sumaku zinazoizunguka dunia.

Kwa muda wa sekunde 36 kila kitu kilikwenda sawasawa. Kisha, ilipokuwa kwenye kimo cha mita 3,700 hivi, roketi iligeuka ghafla upande, ikaanza kuvunjika, ikalipuka. Vipande vyake vilianguka mashariki ya kituo, vikatawanyika katika eneo la kilometa 12 za mraba hivi, nalo karibu lote ni matope ya mikoko na mbuga. Hakuna aliyeuawa. Lakini kazi ya wanasayansi wengi ya miaka mingi iliteketea katika muda usiotosha kufunga kamba za viatu.

Tume ya uchunguzi iliundwa mara moja, chini ya uenyekiti wa mtaalamu wa hisabati wa Kifaransa, Jacques-Louis Lions. Ilianza kazi tarehe 13 Juni na kutoa ripoti yake tarehe 19 Julai mwaka huo huo. Swali lililokuwa mbele yake halikuwa roketi ilianguka wapi, kwani jambo hilo kila mtu alikuwa ameliona. Swali lilikuwa: ilijikwaa wapi?

WALINZI WAWILI, KOSA MOJA

Roketi haina macho. Hujua imeelekea wapi na inakwenda kwa kasi gani kwa msaada wa mashine maalumu ya vipimo, ambayo ina kompyuta yake ndogo. Mashine hiyo hupeleka hesabu zake kwa kompyuta kuu, na kompyuta kuu huamrisha midomo ya injini igeuke huku au kule, kama nahodha ageuzavyo usukani.

Kwa kuhofia mashine moja isije ikaharibika, waundaji waliweka mbili. Moja ilikuwa kazini na ya pili ya akiba, ikiwa macho wakati wote. Zilifanana kwa umbo, na zilifanana kwa programu. Yaani walinzi wawili walisimama langoni, lakini wote wawili walikuwa wamefundishwa na mwalimu mmoja somo moja, pamoja na kosa moja lililokuwamo ndani ya somo hilo.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Ndani ya programu ile mlikuwa na sehemu ya kuiweka sawa mashine ya vipimo kabla ya roketi kuondoka. Katika Ariane 5 sehemu hiyo haikuwa na kazi yoyote baada ya kuruka. Hata hivyo iliachwa iendelee kwa sekunde arobaini hivi, kwa sababu desturi hiyo ilitoka kwenye Ariane 4, ambako ilikuwa na faida, na watu waliona si vyema kubadili programu iliyokwisha kuthibitika kuwa njema.

Sehemu hiyo ilikuwa ikikokotoa hesabu moja iliyohusiana na kasi ya roketi ya kwenda upande. Hesabu ilihifadhiwa kwanza katika chombo kipana chenye nafasi 64 za tarakimu za kompyuta, halafu ikahamishwa katika chombo chembamba chenye nafasi 16 tu. Chombo chembamba cha namna hiyo hakiwezi kupokea namba inayozidi 32,767. Katika safari za Ariane 4 namba haikupata kuufikia mpaka huo. Lakini Ariane 5 ilifuata njia nyingine angani, na kasi yake ya kwenda upande iliongezeka upesi mara tano zaidi. Namba ikazidi. Ilikuwa sawa na kumimina debe zima la unga katika kibaba.

Si kwamba waandishi hawakulifikiria jambo hilo kabisa. Hesabu za namna hiyo zilizokuwa na hatari zilikuwa saba. Nne kati yake ziliwekewa kinga, na tatu ziliachwa bila kinga ili kompyuta isilemewe na kazi kupita kiwango kilichowekwa, tena kwa kuamini kwamba hizo tatu hazingeweza kuzidi mpaka. Hesabu iliyoiangusha roketi ilikuwa miongoni mwa zile tatu.

Ilipotimu sekunde 36.7 hivi, mashine ya akiba ilishindwa, ikajizima. Sehemu ndogo sana ya sekunde baadaye, mashine iliyokuwa kazini ikakutana na kosa lile lile, nayo ikajizima. Kompyuta kuu ilipotaka kumwita mlinzi wa pili, ilikuta amekwisha kutangulia.

TAARIFA ILIYOSOMWA KAMA AMRI

Hapa ndipo kisa hiki kinapowafaa watu wote wanaoandika taarifa na wanaozipokea.

Waundaji walikuwa wameiagiza mashine ya vipimo kwamba ikipatwa na kosa lolote ifanye mambo matatu. Kwanza, itoe ishara ya kushindwa kwake katika njia ya mawasiliano iliyo baina yake na kompyuta kuu. Pili, iandike hali ilivyokuwa wakati wa kosa katika kumbukumbu ya kudumu, yaani ile isiyofutika umeme ukatikapo. Tatu, isimame kufanya kazi. Nia yao haikuwa mbaya. Walifikiri juu ya uharibifu wa bahati mbaya wa chombo kimoja, ambapo inafaa chombo kibovu kinyamaze na kizima kishike zamu. Hawakufikiri juu ya kosa lililomo katika programu yenyewe, ambalo huwapata wote wawili kwa pamoja.

Mashine ilitii. Lakini habari za kushindwa kwake zilipita katika njia ile ile ambayo hesabu za safari zilikuwa zikipita, na kompyuta kuu haikuwa imefundishwa kuzipambanua. Ikazipokea tarakimu za ugonjwa na kuzisoma kama vipimo vya mwendo. Kwa mujibu wa vipimo hivyo vya uongo, roketi ilikuwa imepotoka vibaya. Ikaamrisha midomo ya injini igeuke mpaka mwisho ili kuirudisha njiani roketi ambayo haikuwa imepotea.

Ni sawa na mjumbe aliyetoka mstari wa mbele na kijikaratasi chenye maneno haya: mwenye zamu ameumia, hawezi kuendelea. Akida akakipokea upesi upesi, akakisoma kuwa ni amri ya kugeuza kikosi kizima, akakigeuza.

Roketi ilipinda zaidi ya nyuzi 20 dhidi ya upepo wa mwendo wake. Nguvu za hewa zikang'oa zile roketi mbili za ubavuni, na mtambo wa usalama ulipohisi kwamba mwili umevunjika, ukailipua roketi yote kama ulivyoagizwa, isije ikaangukia watu ikiwa nzima.

KILICHOBAKI MATOPENI

Taarifa moja, basi, ilikwenda mahali pasipo pake na kuleta maangamizi. Taarifa ya pili ilikwenda mahali pake, nayo ikasaidia kuleta ukweli.

Roketi ikiwa angani hupeleka habari zake ardhini kwa redio. Lakini mpango ulikuwa kwamba, mashine za vipimo zikishindwa, redio ipeleke habari za ile itakayoshindwa kwanza peke yake. Kwa hiyo habari za mashine ya pili, ile iliyokuwa kazini na ambayo kufa kwake ndiko kulikoimaliza roketi, hazikufika zote ardhini. Zilikuwa zimeandikwa katika kumbukumbu yake ya kudumu tu, na kumbukumbu hiyo ilikuwa imelala mahali fulani kati ya mizizi ya mikoko.

Watafutaji waliingia katika matope hayo. Kazi ilikuwa ngumu, lakini mashine zote mbili zilipatikana. Zilipofunguliwa, kumbukumbu ya ile ya pili ilisomeka. Tume ilikiri kwamba habari zake ziliisaidia sana kupanga mambo kwa taratibu yake: lipi lilitangulia, lipi lilifuata. Kisha wataalamu waliiendesha programu ile ile katika kompyuta ya majaribio, wakaipa hesabu za njia halisi ya safari ile. Ikashindwa vile vile ilivyoshindwa angani. Jaribio la namna hiyo lingaliweza kufanywa ardhini kabla ya safari, nalo lingaliionyesha kasoro bila kupoteza hata msumari mmoja.

Miongoni mwa mapendekezo ya tume yalikuwamo haya: ile kazi isiyo na faida baada ya kuruka izimwe, chombo cha vipimo kisiachwe kinyamaze kabisa, bali kitoe hesabu bora kadiri kiwezavyo, na chombo chochote kikishindwa, habari zaidi zipelekwe ardhini kwa redio, ili siku nyingine ukweli usitegemee kuokota vyuma porini.

JINSI WOSIA UNAVYOANDIKWA

Kompyuta za kawaida hufuata mafunzo hayo hayo, na njia kuu ni mbili.

Ya kwanza ni daftari la mwendo. Programu huandika mistari mifupi katika faili kadiri inavyoendelea: saa fulani nimefungua hesabu, saa fulani nimepokea jina, saa fulani nimekataliwa. Ikianguka, mstari wa mwisho huonyesha ilifika wapi. Ya pili ni picha ya kumbukumbu. Programu inapokufa, mfumo mkuu wa kompyuta hukusanya yote yaliyokuwa kichwani mwa programu wakati ule, pamoja na aina ya kosa na mnyororo wa amri zilizoitana mpaka hapo, na kuyamimina katika faili moja. Katika kompyuta nyingi za mafundi faili hiyo huitwa kora. Jina hilo ni la tangu zama ambazo kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa vipete vidogo vya madini ya sumaku vilivyofumwa kwa nyaya.

Mafundi hushika kanuni kadhaa. Neno linaloandikwa lisukumwe mpaka kwenye diski papo hapo, kwani likingojea katika kumbukumbu ya muda, umeme ukikatika hupotea pamoja na mwandishi wake. Programu iliyo mahututi isiaminiwe kuandika wosia wake peke yake, maana akili yake imekwisha kuvurugika. Ni heri programu nyingine iliyo nzima iandike kwa niaba yake. Saa, jina la programu na toleo lake visikosekane. Faili ya jana isifutwe na ya leo kabla haijasomwa. Na zaidi ya yote, taarifa ya kushindwa iwe na mahali pake pekee, wala isichanganywe na njia ya amri na hesabu za kazi. Kanuni hii ya mwisho Kourou iliifundisha kwa gharama kubwa.

NYUMBANI NA KAZINI

Mama anayeweka hesabu za duka lake katika kompyuta, karani wa kituo na kijana mwenye simu hawana haja ya kujua kuisoma picha ya kumbukumbu. Hiyo ni kazi ya fundi. Lakini wao ndio wa kwanza kufika penye tukio, na kila polisi anajua jinsi ushahidi unavyoharibiwa na wa kwanza kufika.

Ujumbe wa kosa ukitokea kwenye kioo, usifungwe kwa hasira. Unakiliwe neno kwa neno au upigwe picha. Iandikwe saa, kazi iliyokuwa ikifanywa, na jambo lililobadilishwa siku hiyo: programu mpya, waya mpya, umeme kukatika. Programu isifutwe na kuwekwa upya kabla fundi hajanakili faili ya kuanguka kwake, kwa kuwa mara nyingi kufuta huondoa na ushahidi. Fundi anayeambiwa "imekufa tu" huanza gizani. Anayeambiwa "imekufa mara tatu, kila mara nilipotaka kuchapa orodha ndefu" amekwisha kupewa nusu ya jibu.

Tahadhari moja inawahusu hasa askari na jamaa zao. Picha ya kumbukumbu huchukua yote yaliyokuwamo, mazuri na ya siri. Humo huweza kuwamo neno la siri la kufungulia hesabu, barua iliyokuwa ikiandikwa, au majina ya watu. Kwa hiyo faili hiyo haipewi mtu asiyejulikana, wala haiachwi katika mashine inayouzwa. Vile vile simu inapouliza kama ipeleke ripoti ya kosa kwa waundaji, mwenye simu ya kazi na aulize kwanza taratibu za ofisi yake. Kitabu cha lindo hakisomwi na kila mpita njia.

BAADA YA ANGUKO

Satelaiti za Cluster ziliundwa upya, zikarushwa kwa safari mbili katika mwaka 2000 kwa roketi za Soyuz kutoka Baikonur. Ariane 5 yenyewe iliruka tena tarehe 30 Oktoba 1997, na baada ya matengenezo na mikwaruzo kadhaa ikawa roketi ya kutegemewa. Tarehe 25 Desemba 2021 iliichukua darubini kubwa ya angani iitwayo James Webb. Darubini hiyo ilipopita juu ya Afrika ikielekea mbali, kituo cha Malindi, pwani ya Kenya, kilikuwa miongoni mwa vituo vya ardhini vilivyopokea ishara zake. Roketi za aina hiyo zilistaafishwa Julai 2023, baada ya safari 117.

Safari 116 kati ya hizo zilikuja baada ya ile iliyoanguka. Waundaji hawakuanza tena kwa kubahatisha. Walianza kutoka sekunde ya 36.7, ambayo saa yake, sababu yake na namba yake vilijulikana, kwa kuwa mashine mbili ziliandika kabla ya kunyamaza, na kwa kuwa watu walikubali kuingia matopeni kuutafuta mwandiko wao.

Kila jioni, penye lango la kambi, zamu hubadilika. Anayeondoka huandika mstari wake, hata kama ni maneno mawili tu, na anayeingia hufungua kitabu akausoma kabla hajapokea bunduki.